Mwanasaikolojia wa mahakama humfanyia kazi nani?

Swali: "Mtaalamu, nasoma saikolojia mwaka wa pili na nataka kubobea katika saikolojia ya kimahakama. Ninachokitamani hasa ni kusoma akili za wauaji na kuwasaidia polisi kuwanasa. Wenzangu wananicheka, wanasema hiyo ni sinema tu. Je, taaluma hii ipo kweli? Ina matawi gani, na inatofautianaje na udaktari wa magonjwa ya akili? Na takwimu ni lazima? Somo hilo linanitesa."

Ndugu yangu,

Taaluma ipo. Ina bodi zake, mitihani yake na miiko yake. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliitambua rasmi kuwa fani ya ubobezi mwaka 2001, na nchini Uingereza jina la mwanasaikolojia wa kimahakama linalindwa na sheria: hujasajiliwa, huruhusiwi kulitumia. Kwa hiyo wenzako wamekosea. Ila na wewe umekosea kidogo. Kazi uliyoieleza, ya kutazama eneo la tukio kisha kutaja umri na tabia za muuaji, ni ukucha tu wa mwili mkubwa, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye ushahidi mwembamba kuliko zote. Nitaifikia, vumilia kwanza.

Wengi hudhani saikolojia huwa ya kimahakama pale mhalifu anapohusika. Hapana, huwa hivyo pale swali la kisheria linapohusika. Unaweza kuifanya kazi hii miaka 30 usikutane na muuaji hata mmoja, ukashinda kwenye kesi za wosia, za fidia ya ajali, za wazazi wanaogombea watoto. Kote huko kuna mtu mwenye mamlaka ya kuamua, amekwama mahali panapohitaji elimu ya akili na tabia, naye amekuuliza jambo moja mahususi. Ulijibu hilo aliloliuliza. Usilijibu lile unalotamani angeliuliza.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Katika tiba ya kawaida, mtu aliyeketi mbele yako ndiye mteja wako. Siri zake unazitunza, na unamwamini hadi upate sababu ya kutomwamini. Katika kazi ya kimahakama mtu huyo si mteja wako. Aliyekutuma ni jaji, au wakili, au bodi ya magereza. Kabla ya swali la kwanza unamweleza wazi: sikutibu, na utakayoniambia yanaweza kuandikwa kwenye ripoti itakayosomwa na wanaokushtaki. Halafu unamsikiliza huku ukilinganisha kila neno na jalada la polisi, rekodi za hospitali na maelezo ya ndugu zake. Mwaka 1997 Stuart Greenberg na Daniel Shuman waliandika makala iliyosema kazi hizi mbili, ya mtabibu na ya mchunguzi wa mahakama, hazipatani kichwani mwa mtu mmoja kwa mgonjwa mmoja. Nakubaliana nao kabisa. Mtabibu anayepanda kizimbani kumsemea mgonjwa wake huharibu tiba na ushahidi kwa mpigo.

Kuhusu daktari wa magonjwa ya akili: yeye amesomea udaktari kwanza, anaandika dawa, anajua ini na figo. Mwanasaikolojia silaha yake kubwa ni upimaji, yaani vipimo vilivyojaribiwa kwa watu wengi, vyenye kiwango cha makosa kinachojulikana. Kwa muda mrefu mahakama zilimsikiliza daktari peke yake. Mwaka 1962, katika kesi ya Jenkins, mahakama ya rufaa ya mjini Washington iliamua kwamba ushahidi wa mwanasaikolojia kuhusu ugonjwa wa akili hauwezi kukataliwa kwa sababu tu hana shahada ya udaktari. Mlango ulifunguka hapo kwa upande wa Marekani, na leo wote wawili hukutana kwenye kesi moja, mara nyingine wakiwa pande zinazopingana.

Sasa matawi. Sitayapa nafasi sawa, kwa sababu hayana uzito sawa.

Tawi kubwa zaidi ni uchunguzi wa washtakiwa. Ndani yake kuna maswali mawili ambayo hata mawakili huyachanganya. La kwanza linahusu leo: je, mtu huyu anaweza kujibu mashtaka? Kipimo cha Marekani kilitokana na kesi ya Dusky ya mwaka 1960: lazima aweze kushauriana na wakili wake kwa akili timamu, na aielewe kesi yake kwa habari zake na kwa mantiki yake. Angalia maneno hayo ya mwisho. Mshtakiwa anaweza kukutajia kazi ya jaji, ya mwendesha mashtaka, hata idadi ya miaka anayoweza kufungwa, huku akiamini kwa dhati kwamba wakili wake ametumwa kumtilia sumu. Habari anazo, mantiki hana. Mtu kama huyo kesi yake husimamishwa, anatibiwa, kisha anarudishwa mahakamani.

Swali la pili linahusu siku ya tukio, pengine miaka miwili nyuma: je, alikuwa na akili ya kuwajibika? Hapa mizizi iko London, mwaka 1843, Daniel M'Naghten alipompiga risasi Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu Robert Peel, akiwa amejaa imani kwamba serikali inamwandama. Baraza la mahakama, yaani raia wanaoketi kuamua kesi, lilimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, watu wakakasirika, na majaji wakatakiwa kuieleza sheria. Jibu lao bado linaongoza mahakama katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza: mshtakiwa huhesabiwa kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe kwamba, kwa ugonjwa wa akili, hakujua anachokifanya, au alijua anachokifanya lakini hakujua kuwa ni kosa. Kuugua peke yake hakutoshi. Mtu anayesikia sauti zisizokuwapo, akaiba gari, akabadilisha namba zake na kulificha, ametuonyesha kwamba alijua si lake. Na neno "wazimu" lenyewe ni la wanasheria. Hulikuti kwenye orodha yoyote ya magonjwa. Mchunguzi mzuri hueleza hali ya akili ilivyokuwa na kuiachia mahakama iamue.

Utaniuliza: na wanaojifanya? Wapo, na kuwabaini ni sehemu ya kazi ninayoipenda. Chukua mtu anayedai hakumbuki lolote. Unamwonyesha picha 50, kisha unamletea jozi, moja aliiona na moja hakuiona, achague. Mtu asiye na kumbukumbu hata chembe, akibahatisha tu, atapata karibu nusu, kama 25. Mtu akipata 10 umeshamjua, kwa sababu huwezi kukosea kiasi hicho bila kuyajua majibu na kuyakwepa. Ila usikimbilie kumwita mwongo. Mtu anaweza kutia chumvi na bado akawa mgonjwa kweli. Nimeona ripoti zilizoanguka mahakamani kwa sababu mchunguzi aliona chumvi akasahau kidonda.

Kuna nyakati upimaji huu hubeba uhai wa mtu. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Atkins, ilikataza kuwatekelezea adhabu ya kifo wenye ulemavu wa akili. Jimbo la Florida likaweka mstari: alama 70 kushuka chini katika kipimo cha akili. Freddie Lee Hall, aliyehukumiwa kifo huko, alikuwa na 71. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo ililiambia jimbo hilo kwamba kila kipimo kina ukingo wa makosa, na 71 si namba moja iliyochongwa kwenye jiwe, ni eneo linaloweza kuanzia chini ya 70. Wewe unayeikimbia takwimu, kumbuka alama ile moja.

Tawi la pili ni kupima hatari: huyu akiachiwa, atarudia? Historia yake ni ya aibu. Mwaka 1966, baada ya uamuzi wa kesi ya Baxstrom, wagonjwa 967 waliokuwa wamefungiwa New York kama watu hatari walihamishiwa hospitali za kawaida. Wataalamu walitarajia balaa, na walipofuatiliwa, wachache sana walifanya vurugu. Mwaka 1983, katika kesi ya Barefoot, chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliiambia mahakama kwamba utabiri wa muda mrefu wa aina hii hukosea mara mbili katika kila tatu. Mahakama iliruhusu ushahidi huo uendelee kutumika hata hivyo.

Siku hizi hatutegemei hisia za mzee mwenye uzoefu. Tuna miongozo. HCR-20, kwa mfano, mwongozo wa kupima hatari ya vurugu, ina vipengele 20: kumi vya historia, vitano vya hali ya sasa, vitano vya mazingira atakayorudi. Kuna orodha ya Robert Hare ya usaikopathi, yaani hulka ya mtu asiye na huruma wala majuto, nayo ya vipengele 20, kila kimoja alama 0 hadi 2, jumla 40, na kwa kawaida 30 ndiyo mstari. Lakini chombo ni chombo, mkono ni mkono. Mwaka 2013 Daniel Murrie na wenzake waliwapa wataalamu zaidi ya 100 majalada yaleyale, baadhi wakiambiwa wameajiriwa na upande wa mashtaka, wengine na utetezi. Alama zikainama kuelekea kwa mwajiri, hasa kwenye orodha ya Hare, inayohitaji maamuzi mengi ya mchunguzi mwenyewe. Hawakula rushwa. Walikuwa watu wenye leseni waliojiona waadilifu, na hilo ndilo linalonitisha.

Magerezani kuna tawi la tatu, na nchi nyingi ndilo linaloajiri wengi. Huko ndiko unakutana na wahalifu kila siku, ukiendesha vikundi vya kudhibiti hasira, ukiwasaidia wanaotaka kujiua, ukiandika maoni kwa bodi ya msamaha. Dira iliyotawala tangu 1990 ni ya Don Andrews na James Bonta: nguvu nyingi ziende kwa walio na hatari kubwa, zilenge mambo yanayochochea uhalifu wenyewe, na zitolewe kwa namna mtu huyo anayoweza kuipokea. Mwenye hatari ndogo ukimrundikia programu pamoja na wazoefu, unaweza kumharibu. Na nia njema si kinga. Uingereza na Wales ziliendesha kwa miaka mingi programu ya kuwarekebisha waliofungwa kwa makosa ya kingono. Tathmini iliyotolewa 2017 ilikuta asilimia 10 ya walioipitia walirudia makosa ya aina hiyo, dhidi ya asilimia 8 ya wenzao ambao hawakuipitia. Ikaondolewa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika vyumba vile.

Tawi la nne ndilo langu, hivyo nisamehe nikirefusha. Ni utafiti wa ushahidi: kumbukumbu za mashahidi, maungamo, maamuzi ya mabaraza ya mahakama. Lilianza mapema kuliko watu wanavyofikiri. Huko Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, William Stern na Franz von Liszt walipanga ugomvi wa kuigiza darasani, bastola ikachomolewa, kisha wanafunzi wakaulizwa walichokiona. Hakuna aliyeeleza bila kosa. Mwaka 1908 Hugo Münsterberg wa Harvard alitoa kitabu akiwaambia wanasheria kwamba wanapuuza sayansi ya kumbukumbu. Wanasheria walimkejeli, na kwa haki, maana alidai mengi kuliko ushahidi aliokuwa nao.

Ushahidi ulikuja baadaye. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana, kisha wakauliza yalikuwa yakienda kasi gani, wakibadilisha kitenzi tu. Walioulizwa kwa neno zito, la magari kubamizana, walikadiria maili 40 na kitu kwa saa. Walioulizwa kwa neno laini, la kugusana, walikadiria karibu 32. Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye, watu 16 kati ya 50 waliosikia neno zito walisema waliona vioo vilivyovunjika, dhidi ya 7 kati ya 50 wa neno la kawaida. Vioo havikuwapo. Sasa fikiria mpelelezi aliyechoka, saa nane za usiku, akichagua vitenzi vyake bila kufikiri.

Ronald Cotton alifungwa North Carolina kwa ubakaji kwa sababu mwathirika, aliyejitahidi kuukariri uso wa mbakaji wakati wa tukio, alimtaja kuwa ndiye kwenye picha na tena kwenye gwaride la utambulisho. Alikaa ndani zaidi ya miaka kumi hadi vipimo vya DNA vilipomwachia huru mwaka 1995 na kumtaja mtu mwingine. Utambulisho wa makosa umo katika zaidi ya nusu ya kesi za aina hii zilizopinduliwa na DNA nchini Marekani. Dawa yake haina gharama kubwa: afisa anayeendesha gwaride asijue mtuhumiwa ni yupi, shahidi aambiwe mhusika huenda hayumo, na kiwango cha uhakika wake kiandikwe palepale, kabla mtu hajamwambia "umepatia."

Maungamo ni hivyohivyo. Gisli Gudjonsson, aliyekuwa mpelelezi huko Iceland kabla ya kuwa mwanasaikolojia, alitengeneza kipimo cha jinsi mtu anavyoyumbishwa na maswali ya kuongoza na kwa kukaripiwa. Kazi yake ilichangia kufunguliwa upya kwa kesi kubwa za Uingereza. Wanaume sita waliohukumiwa 1975 kwa milipuko ya Birmingham, wanne wao wakiwa wametia saini maungamo, waliachiwa mwaka 1991. Mapema miaka ya 1990 polisi wa Uingereza na Wales walibadili namna ya kuhoji, wakaacha kumbana mtu akiri na kuanza kukusanya maelezo. Kama unataka kuwasaidia polisi kweli, msaada mkubwa zaidi uko hapa, kwenye chumba cha mahojiano.

Haya, tufike kwenye ukucha wako: kuchora wasifu wa mhalifu. Hadithi maarufu ni ya James Brussel, daktari wa akili aliyeelezea mtega mabomu wa New York mwaka 1956, hadi koti lake lenye vifungo. Wanaosimulia husahau kwamba jina la mtega mabomu huyo lilipatikana na karani wa kampuni ya umeme aliyefukua mafaili ya wafanyakazi wa zamani wenye manung'uniko. Mwanasaikolojia David Canter alifanya kazi ya maana zaidi mwaka 1986 katika msako wa John Duffy, mbakaji na muuaji wa Uingereza, akisoma mpangilio wa maeneo ya matukio kukadiria mtu anaishi wapi. Hiyo ni jiografia na takwimu, na inaweza kupimwa. Upande wa pili kuna kesi ya Wimbledon, London. Mwanamke aliuawa 1992, polisi wakamtegea mtego mwanamume mmoja kwa kufuata wasifu uliochorwa na mwanasaikolojia. Mwaka 1994 jaji aliukataa ushahidi huo kwa maneno makali, na mwaka 2008 mtu mwingine kabisa alikiri. Miaka yote hiyo mtu asiye na hatia aliishi na lawama. Pia usijidanganye kwamba utamjua mwongo kwa kumtazama usoni. Uchambuzi wa Charles Bond na Bella DePaulo wa mwaka 2006, uliojumlisha tafiti nyingi, ulikuta watu hupatia asilimia 54, na polisi hawawazidi wengine kwa lolote la maana.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Wapo wanaofanya kazi na polisi wenyewe: kuwapima waombaji kazi, kuwasaidia baada ya kufyatua risasi. Wapo wa mahakama za familia, kazi ngumu kuliko zote kwa moyo, maana kila mzazi atakuchukia. Wapo wa watoto waliokosana na sheria. Wapo wa kesi za madai, wanaoulizwa kama marehemu alikuwa na akili timamu aliposaini wosia. Kipimo chake ni cha kesi ya Banks dhidi ya Goodfellow ya mwaka 1870 na bado kinatumika.

Kwa njia ya kufuata: maliza shahada yako ya saikolojia, kisha upate ya juu yenye mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi. Sehemu nyingi ubobezi huu hujengwa juu ya saikolojia ya kitabibu, kwa hiyo usikwepe wodi. Kesi nyingi husikilizwa hadharani. Nenda ukakae nyuma, usikilize shahidi mtaalamu anavyohojiwa na upande wa pili.

Na takwimu, ndiyo, ni lazima. Chukua wafungwa 1,000 wanaoachiwa, na tuseme 50 kati yao watafanya vurugu. Una kipimo kinachopatia 90 kati ya 100, kwa walio hatari na kwa wasio hatari. Kitanasa 45 kati ya wale 50. Lakini kati ya 950 waliobaki kitakosea kwa 95. Umewatia alama ya hatari watu 140, na 95 kati yao hawatamgusa mtu. Wakili atakuuliza hesabu hiyo ukiwa umesimama kwenye kizimba cha mashahidi, bila karatasi wala kikokotoo. Irudie sasa kwa wafungwa 20 watakaofanya vurugu badala ya 50, uone kinachotokea.